Aliyeitwa kwa Mgonjwa

Mtu akinipigia simu kuniambia fulani anaumwa kidogo, namkatiza hapo hapo: yu hai au amekufa? Ndugu zangu wananiona sina adabu. Shemeji yangu mmoja aliwahi kunikatia simu, na mimi nikamwacha akate. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi kwa huruma zetu tumeugeuza msemo ule miguu juu, tunaficha kilio ndani ya maradhi. Baba amezikwa juzi, mwanawe aliye mbali anaambiwa, "Mzee hajisikii vizuri, jitahidi ufike." Mtoto anapanda basi na machungwa ya mgonjwa mkononi. Anakata kona ya kwao, anakuta watu wamekaa chini kwenye majamvi, ndipo anapoelewa. Nasi tunajisifu kwamba tumemsitiri asianguke njiani.

Ukali wangu una sababu, na sababu yenyewe ni mjomba wangu Manase, kaka yake mama.

Mjomba alikuwa fundi pikipiki Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Tatu. Kwao ni Kwemkole, kijiji cha Kishambaa kilichojishikiza juu mlimani kupita Mlalo, ambako jua la saa sita linamkuta mtu bado amevaa koti. Alishuka pwani kijana kutafuta kazi kwenye mkonge, mkonge ukamshinda, akajifundisha pikipiki kwa kuzibomoa na kuziunga. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti kubwa na kuimba kwaya kwa sauti mbaya. Honda yake ilikuwa kuukuu lakini inang'aa. Mkewe, Bertha, alikuwa akisema pikipiki ile ilioga kwa sabuni miaka ambayo watu wazima walifulia majani ya mpapai.

Miaka yenyewe mnaijua, na asiyeijua amuulize mama yake. Sukari kwa foleni, kitenge kwa foleni, petroli kwa kibali. Jumapili mchana ilikuwa marufuku kuendesha chombo cha moto ili mafuta ya nchi yasiishe. Basi Jumapili mchana mjomba na wenzake wawili walikaa kibarazani kwake na kusafiri kwa mdomo. Mmoja ni Sadalla, Mpemba, mchuuzi wa karafuu na wa chochote kinachochuuzika, mwenye Yamaha iliyopakwa rangi ya mashua. Wa pili ni Rafaeli, dereva wa shamba la mkonge, Mkatoliki, mtu asiyesema neno mpaka alipime mara mbili, naye alipewa pikipiki ya shamba kwa ajili ya kuzungukia mashamba na akazungukia nayo mengine mengi.

Safari yao ya mdomo ilikuwa moja tu, kuizunguka milima. Wangetoka Tanga alfajiri kwenda Maramba, wapite Bombo Maji ya Moto, walale Mashewa bondeni, kisha wapande kwa Bumbuli, walale tena, halafu waifuate migongo ya milima mpaka Mlalo na Kwemkole. Rafaeli alipanga wapi mto hauvukiki ikinyesha. Mjomba alipanga nani abebe pampu, nani abebe tyubu na viraka, nani abebe cheni ya akiba, maana huko mtu akikatikiwa na cheni anaweza kuoa na kuzaa kabla hajapata nyingine. Sadalla kazi yake ilikuwa kuuliza juu ya baridi.

"Hebu niambie, Manase. Mtu akikojoa huko, mkojo unafika chini?"

"Wako hautafika, Sadalla. Utarudi ndani wenyewe kwa woga."

Walicheka namna hiyo miaka miwili, safari haitoki. Lilipopatikana dumu la petroli, tairi lilikuwa limekwisha. Lilipopatikana tairi, mtu alikuwa na mgonjwa.

Bibi yangu Ruthi, mama yake mjomba, alikuwa na habari za safari hiyo. Kila mtu wa Kwemkole aliyeshuka Tanga alirudi na salamu zile zile: mwambieni mama nakuja na wenzangu, pikipiki tatu, atazisikia tangu ng'ambo. Bibi hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Mwinjilisti wa usharika wao alishaanguka na moja kwenye kona za Mlalo, akaletwa amefunikwa shuka, na bibi aliliona shuka lile kwa macho yake. Tangu siku hiyo, kila jioni katika sala alimkabidhi Mungu mwanawe pamoja na chombo chake. Alikuwa hajamwona karibu miaka minne, kwa shida za usafiri zilivyokuwa.

Mwaka ule wa themanini na nne, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaanza, bibi akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Mama yangu, Yudith, ambaye ni mdogo wake mjomba, ndiye aliyekuwa nyumbani akimuuguza, na mimi nikiwa mgongoni mwake, mtoto wa mbeleko. Bibi alijua mwili wake unamwambia nini. Akamwita Asheri, kijana aliyekuwa akiteremsha mapeasi na kabichi soko la Tanga, akamwambia, "Mwambie Manase naumwa. Asilete kitu. Nataka nimwone tu."

Asheri akafika Ngamiani baada ya kukwama njiani siku kadhaa, maana magari yalikuwa ya kubahatisha. Akamkuta mjomba amelala chini ya pikipiki ya mtu.

"Shikamoo, kaka Manase."

"Marahaba, Asheri. Za nyumbani?"

"Nzuri. Ila mama anaumwa. Anasema uje, anataka kukuona. Usilete kitu."

Mjomba akatoka chini ya pikipiki polepole, akakaa, mikono ina oili. Sadalla na Rafaeli walikuwepo. 

"Anaumwaje?" akauliza mjomba.

"Miguu imevimba. Lakini ni mzima, kaka. Nilimwacha uani anapukuchua maharage."

"Ulimwona mwenyewe?"

"Haki ya Mungu nilimwona. Anazungumza, anakula kidogo. Ni mzima kabisa."

Maskini Asheri! Kadiri alivyoapa, ndivyo alivyozidi kumzika bibi yangu. Maana kila mmoja pale alishatumwa kazi hiyo na aliijua inavyofanywa. Baba yake Rafaeli alipofariki, mjomba mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mzee amepata homa kidogo, tena akaongeza kwamba amemwacha anakunywa uji. Yale maharage ya Asheri waliyasikia kama ule uji. Na Asheri ni mtu wa haya, hajamtazama mtu usoni tangu azaliwe, naye siku hiyo alizungumza huku anatazama ndala zake. Akapewa chai, akaaga, akaenda zake sokoni.

Sadalla akamshika mjomba bega. "Mie sina la kusema, ndugu yangu. Mola akupe subira."

Mjomba akalia pale pale chini. Bertha akatoka jikoni mbio, akaelezwa, naye akalia. Lakini Bertha ni mtu wa akili, na kilio chake kilipotulia akauliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyethubutu kuliuliza.

"Na kama ni kweli anaumwa tu?"

"Bertha," mjomba akasema, "umewahi kusikia mtu akaitwa kwa mgonjwa, akamkuta mgonjwa?"

"Basi nenda kesho. Nenda peke yako, mikono mitupu. Utajua huko huko. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Angemsikiliza! Mtu mmoja, pikipiki moja, bila mzigo, angepita barabara kuu ya Korogwe na Mombo, na jioni ya siku hiyo angekuwa amekaa kitandani kwa mama yake. Lakini mjomba hakuwa anakwenda kumwona mama. Alikuwa anakwenda msibani. Kwa hesabu yake Asheri amekaa njiani siku zote hizo, huko mlimani maiti haingoji, kwa hiyo bibi ameshazikwa na kinachomngoja ni matanga. Kifungua mimba hafiki kwenye matanga ya mama yake mikono mitupu, hasa mwaka ambao kijiji kizima hakina sukari. Watu watakunywa nini? Watalala na njaa kwenye kilio cha mama yake? Na lile "usilete kitu" likamchoma zaidi. Alisema hayo ni maneno ambayo mama husema siku zote, na waliomtuma Asheri wamemtia mdomoni ili ujumbe uaminike.

"Haraka haraka haina baraka," akasema Sadalla. "Twende sote, twende kwa heshima."

Ndivyo ile safari ya kibarazani ilivyopangwa mara ya mwisho, safari hii kwa kunong'ona. Kila walichokuwa wamekipanga kwa kucheka sasa walikipanga kwa machozi. Sadalla alikwenda Horohoro mpakani kutafuta petroli na sukari za upande wa pili. Rafaeli aliomba likizo ya msiba kwa meneja, akapewa. Sukari ya magendo na petroli ya madumu huwezi kupita nayo barabara kuu, mwaka ule kulikuwa na vizuizi na mtu alifungwa kwa mifuko miwili, kwa hiyo hapakuwa na njia ila ile ile ya Maramba na Mashewa, ya vichochoro vya milimani, iliyokuwa yao tangu zamani.

Mjomba alikuwa na kazi nyingine. Alitafuta gesi ya kuchomelea mji mzima, akaikosa, akaingoja, akaipata. Akachomelea msalaba wa chuma. Akauandika kwa nukta za moto, herufi moja moja: RUTHI, na mwaka wa kuzaliwa aliokadiria. Mahali pa tarehe ya kufa akapaacha wazi, kwa sababu hakuijua. Bertha aliniambia hajawahi kumwona akifanya kazi safi kama ile. Sadalla alipata nusu mfuko wa saruji kwa ajili ya kujengea kaburi.

Wakati huo bibi yupo. Nataka hili mlishike. Wakati msalaba unapoa kwenye ndoo ya maji Barabara ya Kumi na Tatu, bibi yangu amekaa uani Kwemkole, anamwuliza mama yangu kila akisikia gari kule ng'ambo, "Siyo yeye huyo?" Maharage yaliisha, akahamia kuchagua mchele ambao haukuwa na chuya. Wiki ikapita. Akaacha kutoka uani. Wiki ya pili akawa wa kitandani, lakini akili yake nzima, na mdomo wake mzima, bado anauliza.

Waliondoka Tanga siku ya mvua. Mjomba mbele, msalaba umefungwa ubavuni kwa mpira wa tyubu na kufunikwa gunia. Sadalla na saruji na sukari. Rafaeli na madumu. Maramba walipita salama. Baada ya Bombo matope yakawa ya magotini, wakasukuma zaidi ya walivyoendesha. Sadalla alianguka mtoni na nusu ya sukari ikaenda na maji, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuna aliyemtania. Mashewa walikaa siku nzima kwa sababu ya mafuriko. Hapo ndipo alipokuwa ameolewa mdogo wake bibi, mama mdogo Anastazia. Mjomba alimwambia. Mama mdogo akajitupa chini, akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akajifunga khanga mbili kiunoni na kupanda nyuma ya Rafaeli. Alikuwa hajawahi kupanda pikipiki maishani.

Wakapanda milima. Baridi ikamwingia Sadalla mifupani, naye akajifunga gunia tupu la sukari kifuani. Mlalo walifika mawingu yameshuka mpaka barabarani. Rafaeli alitaka wasimame wanywe chai. Wangesimama, mtu yeyote wa soko lile angewaambia: bibi Ruthi? Mbona jana nimepita kwake? Mjomba akasema hapana, mvua itatukuta kwenye kona, twendeni tu.

Sasa niwapeleke ndani, kwa mama yangu.

Bibi alikuwa amelala ubavu, pumzi inakwenda kwa kuvutwa. Milima ile inapeleka sauti. Mlio wa pikipiki ulisikika ukiwa bado ng'ambo ya bonde, unapotea kwenye kona, unarudi. Zilikuwa tatu. Bibi akafumbua macho.

"Yudith. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Nikalishe."

Mama akamkalisha, akamwegemeza ukutani, akamtandikia shuka. Bibi akaomba khanga yake ya Jumapili, akavikwa. Akaomba afutwe uso. Mama anasema hajawahi kuona uso wa mgonjwa ukiwa vile, kama wa msichana anayeposwa. Mimi nilianza kulia mgongoni, na bibi akasema, "Mnyamazishe, mjomba wake amekuja."

Pikipiki haziwezi kufika mpaka mlangoni kwetu. Zilizimwa chini, penye migomba, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu. Bibi akakaza macho mlangoni. Halafu, kutoka migombani, mama mdogo Anastazia akaangua kilio.

Kwetu mtu hafiki msibani kimya. Ukifika kimya unaulizwa umefurahi? Unaanza kulia ukiwa bado njiani, ili waliomo ndani wajue kwamba mwenzao amefika. Mama mdogo alilia kwa haki yote ya dada yake. Mjomba akafuata kwa sauti yake kubwa ile, lakini kilio cha mwanamume hakina maneno, nacho hakikutambulika ni cha nani. Mama mdogo ndiye aliyesikika vizuri. "Yuu-wi! Tumebaki na nani? Umetuacha na nani?"

Bibi akageuza shingo. "Wanamlilia nani?"

Mama yangu hakujua. Alijua ni watu wa Tanga wamekuja na pikipiki, na wanalia. Wewe ungewaza nini? Naye aliwaza hilo hilo, na uso wake ukasema kabla ya mdomo.

"Nani, Yudith? Nani amekufa?"

"Ngoja nikatazame, mama."

"Ni Manase." Bibi hakuuliza tena. "Pikipiki imemuua mwanangu. Wamemleta."

Mama akatoka mbio, mimi nikirukaruka mgongoni. Akakimbia mtelemko wa migomba, akawakuta: mama mdogo ameketi kwenye matope, Sadalla ameshika kichwa, na kaka yake amesimama, mzima wa afya, amebeba msalaba wa chuma wenye jina la mama yao. Mama akamshika shati. "Yu hai! Manase, mama yu hai! Nyamazeni! Yu hai!"

Mjomba alidondosha msalaba. Alipanda ule mlima kwa mikono na miguu, akaingia na matope yake yote, anaita, "Mama! Mama, ni mimi!"

Bibi alikuwa ameteleza ukutani kwa upande, khanga ya Jumapili mwilini, macho wazi. Mjomba akamtikisa. Akamwita tena na tena. Alikuwa bado wa moto.

Msiba ule ulikuwa na kila kitu. Sukari iliyosalia ilitosha, saruji ilikuwepo, hata msalaba. Tarehe ilijazwa siku ya pili kwa nyundo na msumari, kwani Kwemkole hakukuwa na gesi ya kuchomelea. Sadalla ndiye aliyeigonga, Mwislamu wa watu, analia huku anagonga, kwa sababu mjomba hakuweza kushika nyundo.

Usiku wa matanga mjomba alimwuliza mama yangu, "Alisema nini? Mwishoni alisema nini?"

Na mama yangu, mtoto wa watu wenye huruma, akamwambia, "Alisikia mlio wa pikipiki. Akasema, mwanangu amekuja. Akaomba khanga yake nzuri. Akafurahi, kaka. Akalala."

Mjomba aliishi kwa maneno hayo. Zikaja zama za ruksa, maduka yakajaa, pikipiki mpya za Dubai zikaingia Tanga kama nzige, karakana yake ikawa na vijana watano. Kulikuwa na mafuta ya kwenda popote. Waendeshaji wapya walimfuata awaongoze kuzunguka milima, na yeye aliwaelekeza njia yote, kona kwa kona, lakini hakwenda tena na kundi. Mtu akimsema kwa kuchelewa kwake mwaka ule, alikuwa akijibu, "Ni kweli nilichelewa. Lakini alinisikia nikija."

Mimi nililelewa kwake nikisoma sekondari, nami niliamini hivyo hivyo. Mama aliniambia ukweli mwaka wa elfu mbili na moja, tulipokwisha kumzika mjomba.

Alikuwa ameugua sukari, mguu ukaoza. Nilikuwepo hospitali mama aliposhuka kutoka Kwemkole kuja kumwona. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba kaka yake anaumwa, naye akashika basi siku hiyo hiyo, mikono mitupu. Mjomba alifurahi sana. Walizungumza habari za mashamba, za nani kaoa, za paa la kanisa. Kisha akamshika mkono.

"Yudith, hebu niambie tena alivyosema mama."

Mama akamwambia tena yote, khanga, kufutwa uso, mwanangu amekuja.

"Pikipiki zilikuwa tatu," mjomba akasema. "Aliujua mlio wangu?"

"Aliujua, kaka. Alisema, ile ya mbele ndiyo ya Manase."

Hilo la mwisho lilikuwa jipya, sikuwahi kulisikia. Mjomba akafumba macho huku anatabasamu. Mama akauondoa mkono wake taratibu, akatoka mpaka varandani, akajifunika uso kwa khanga. Nikamfuata, nikamkumbatia mabega, nikamwambia asilie, kaka yake bado yu hai.